Rekodi ya Ubongo: Nani Aamue Kipi Kikatwe?

Umeme wa ubongo ukifika juu ya ngozi ya kichwa huwa umebaki kidogo sana: kati ya mikrovolti 10 na 100 kwa mtu mzima aliye macho, na mikrovolti moja ni sehemu ya milioni ya volti. Umeme wa moyo unaupita mara kumi na zaidi. Ukipepesa kope mara moja, mistari ya mbele ya kichwa inaruka juu kuliko mawimbi yote yaliyo jirani. Ukitafuna, ukikaza taya au ukimeza mate, rekodi inajaa miiba ya misuli. Nyaya zilizomo ukutani nazo zinaingiza mrindimo wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kila sekunde, kwa kuwa huo ndio mwendo wa umeme wa gridi yetu. Tangu Hans Berger aliponasa mawimbi ya ubongo wa binadamu kule Jena, Ujerumani, mwaka 1924, na kuyatangaza mwaka 1929, hakuna rekodi ya EEG, yaani ya umeme wa ubongo, iliyotoka kichwani ikiwa ubongo mtupu. Berger mwenyewe alihangaika miaka yote hiyo kati ya kunasa na kutangaza, akijihakikishia kwamba hakuwa akipima moyo au misuli.

Kwa hiyo kusafisha ni lazima, na hilo halina mbishi. Ubishi uko kwenye kiasi, na kwenye nani ashike mkasi. Mwanza, hapa Tanzania, ni mahali panapofaa kabisa pa kuubishia. Bugando ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa tangu 1971, chuo kikuu cha sayansi za afya kiko kilima hichohicho, na taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, ina kituo chake mjini. Watoto wa degedege na vijana wa kifafa wanaletwa mjini kutoka Ukerewe, Sengerema, Magu na visiwa vya mbali zaidi. Joto lipo, jenereta zipo, na vijana wanaojua kuandika programu wanaongezeka kila mwaka.

Nimeugawa mjadala kwa sauti tatu. Si watu wa hospitali yoyote. Ni hoja tatu zinazogongana popote kazi hii inapofanyika. Mpimaji ni mama aliyebandika elektrodi vichwani kwa miaka mingi. Mchambuzi ni kijana wa takwimu na kompyuta. Daktari anasoma rekodi za watoto. Nami nitaingia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MCHAMBUZI: Shikamoo Mama, shikamoo Daktari. Naomba nianze, kwa kuwa mimi ndiye ninayeshutumiwa kukata kupita kiasi. Mtu akiniletea rekodi mia mbili za watoto, kila moja dakika ishirini na chaneli (mistari ya rekodi) kumi na tisa, siwezi kuzipitia kwa macho na kudai kwamba nimezitendea haki sawa. Asubuhi nitakata kipande, jioni nikichoka nitakiacha kinachofanana nacho. Ndiyo maana hatua zangu zote ziko ndani ya programu. Naanza kwa kuzuia mawimbi ya polepole mno, yaliyo chini ya hezi 1, maana humo ndimo lilimo jasho na kuyumba kwa nyaya. Naondoa hezi 50. Natafuta chaneli iliyokufa au inayopiga kelele, naitoa, na nafasi yake naikadiria kutokana na jirani zake. Baada ya hapo ndipo nalinganisha kila chaneli na wastani wa zote, wala si kabla, kwa sababu chaneli moja mbovu ikibaki ndani ya wastani, ubovu wake unagawiwa kwa zote. Mwisho natenganisha vyanzo kwa hesabu waliyoichapisha Anthony Bell na Terrence Sejnowski mwaka 1995, ambayo Scott Makeig na wenzake waliileta kwenye EEG mwaka uliofuata. Inachukua mchanganyiko uliofika kwenye elektrodi na kuugawa katika vijenzi visivyotegemeana. Kimoja kinatoka na umbo la kope, kingine na mdundo wa moyo. Hivyo naviondoa, vilivyobaki navirudisha. Mtu yeyote akichukua faili zangu na programu yangu, awe hapa, awe Oslo, atapata jibu langu. Jicho la mtu haliwezi kuahidi hivyo.

MPIMAJI: Marahaba, mwanangu. Sina ugomvi na hesabu zako. Niambie tu, katika rekodi hizo mia mbili, ni ngapi zilichukuliwa umeme umekatika na jenereta inanguruma nyuma ya dirisha?

MCHAMBUZI: Faili halisemi, Mama.

MPIMAJI: Mimi nasema, maana nilikuwepo. Gridi ikitulia, mrindimo unakaa palepale kwenye 50 na chujio lako jembamba linaukata vizuri. Jenereta ndogo haina utulivu huo. Mzigo ukipungua inakimbilia 52, mtu akiwasha kiyoyozi inashuka 48. Wewe umekata 50, kelele imeshahamia pembeni. Ukipanua chujio uifuate, unaanza kula na vya ubongo. Na jasho ni vivyo hivyo. Mchana wa joto, kichwa kimevikwa elektrodi na bandeji, mtoto ana hofu. Jasho ni maji ya chumvi, linapitisha umeme. Kwanza mistari inapanda na kushuka taratibu, na hiyo ndiyo unayoikata kwa chujio lako la hezi 1. Likizidi, linaunganisha elektrodi mbili zikawa kama moja. Zikishaunganishwa zinasoma kitu kilekile, na hakuna hesabu itakayorudisha tofauti ambayo haikupimwa. Mimi nikiiona nasimamisha mashine. Nakausha paji la uso, nafungua madirisha, namwambia mzazi ampepee mtoto, naanza tena. Nenda Mwaloni pale Kirumba uwaulize wauza dagaa. Dagaa walioanikwa mchangani utawapepeta, utawaosha, na bado mchanga utausikia kwenye meno. Walioanikwa juu ya chanja hawahitaji hayo yote. Kazi yangu mimi ni kujenga chanja.

MCHAMBUZI: Na mchanga ukishaingia, Mama? Mgonjwa ameshaondoka, amerudi kisiwani Ukara. Siwezi kumwita tena.

MPIMAJI: Ndiyo maana nataka uheshimu dakika ile alipokuwa mbele yangu.

Hapa naingia mwenyewe, kwa sababu kuna jambo ambalo wachambuzi wengi hawalioni kabisa, nalo ni nywele. Mpangilio wa elektrodi unaotumika dunia nzima ulichapishwa na Herbert Jasper mwaka 1958. Unapima kutoka shina la pua hadi kinundu cha kisogoni, na kutoka sikio hadi sikio, kisha unagawa umbali huo kwa vipande vya asilimia 10 na 20. Ni mpangilio mzuri, ila unahitaji elektrodi iguse ngozi. Kwenye kichwa chenye nywele za kipilipili zilizoshikana, au rasta, au mafuta mazito yaliyopakwa asubuhi kwa heshima ya kwenda hospitali, elektrodi inaelea juu. Upinzani wa umeme, ambao wapimaji wanataka uwe chini ya kiloomu 5 au walau 10, unapanda mara nyingi zaidi. Na upinzani wa elektrodi moja ukitofautiana sana na wa jirani yake, hapo ndipo hezi 50 inapopata mlango. Kisha rekodi inafika kwa mchambuzi, programu inaona kelele, inaitupa. Kilichotupwa ni kichwa cha mtu ambaye kifaa hakikutengenezwa kwa kumfikiria. Katika nchi tajiri ziko tafiti zilizowaacha nje watu wenye nywele za Kiafrika kwa sababu hiyohiyo, halafu matokeo yake yakaitwa ya binadamu wote.

Mwaka 2020 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, Arnelle Etienne, akiwa na wenzake, alionyesha njia nyingine: nywele zisukwe kwa mistari inayofuata vipimo vya Jasper, ngozi ionekane kati ya msuko na msuko, na vibanio vyenye elektrodi vishikiliwe na misuko yenyewe. Nikiwaza hilo, namfikiria msusi yeyote wa Nyamagana au Ilemela anayesuka twende kilioni kwa nusu saa. Ustadi uliohitajika katika maabara ya chuo hicho uko hapa kila mtaa. Kumlipa msusi kabla ya kipimo kutasafisha rekodi kuliko programu yoyote ninayoijua, na ningependa hospitali za Kanda ya Ziwa zilichukulie hilo kuwa sehemu ya kipimo.

DAKTARI: Nakubaliana na Mama kuhusu chanja, lakini kijana naye ana hoja ambayo hakuisema. Ubaya wa rekodi chafu unaishia kwa mgonjwa. Elektrodi iliyolegea ikiruka, inachora mwiba mkali unaofanana sana na wa kifafa. Anayeharakisha ataandika kifafa. Mzoefu ataangalia jirani: umeme wa ubongo una uwanja, ukitokea mahali unaonekana pia kwenye elektrodi za karibu, ukipungua kidogo kidogo kadiri unavyokwenda mbali. Mwiba uliokaa kwenye elektrodi moja tu, jirani zake wametulia kimya, ni wa kutiliwa shaka. Mtoto anayesinzia naye hutoa mawimbi makali yasiyo na ubaya wowote, na hao wetu wanasinzia kweli: aliyevuka usiku kutoka Ukara kwenda Bugolora, akapanda gari hadi Nansio, akangoja meli ya Mwanza, huyo analala kabla hatujamaliza kubandika. Sasa fikiria kijana wa mwambao aliyeandikiwa kifafa kimakosa. Haruhusiwi kupanda mtumbwi, na ndiyo kazi ya baba yake na babu yake. Anameza dawa miaka. Familia ya mchumba inarudi nyuma. Na ukikosea upande wa pili, ukamwambia hana kitu, kumbe anacho, siku moja ataanguka majini akiwa peke yake. Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba usafi ni anasa ya watafiti.

MCHAMBUZI: Asante, Daktari.

DAKTARI: Ngoja kwanza, sijamaliza. Umesema unakata kila kilicho chini ya hezi 1. Mtoto wa malaria kali aliyepoteza fahamu ana mawimbi makubwa ya polepole sana, na huo upole ndio ugonjwa wenyewe unaojionyesha. Ukiuweka mkasi wako hapo bila kuniuliza, umenipunguzia ugonjwa kwenye karatasi huku mtoto kitandani hajabadilika. Na si mawimbi ya polepole tu. Pale Kilifi, Kenya, Jane Crawley na wenzake walipima EEG watoto waliolala kwa malaria ya ubongo na kuandika matokeo yao katika miaka ya 1990. Walikuta watoto ambao ubongo wao ulikuwa kwenye degedege bila mwili kurusharusha mikono wala miguu. Dalili za nje zilikuwa ndogo mno: macho kwenda upande mmoja, mate kutiririka, pumzi kupoteza mpangilio. Tazama hizo dalili vizuri, kijana wangu. Mwendo wa macho. Misuli ya uso. Kifua. Ndivyo vitu ambavyo programu yako imefundishwa kuviita uchafu.

MCHAMBUZI: Lakini wimbi la ubongo lenyewe litabaki, Daktari. Nikiondoa macho, degedege halijaondoka.

DAKTARI: Mara nyingi litabaki. Ila nitakuwa nimepoteza kiungo kati ya kilichotokea kichwani na kilichotokea usoni, na ni kwa kiungo hicho nesi wa usiku, asiye na mashine, anajifunza atazame nini. Chukua mfano mzito zaidi, wa Uganda. Kitgum kulikuwa na watoto wanaoinamisha kichwa tena na tena, ugonjwa unaofanana na ule Dk. Louise Jilek-Aall aliouona Mahenge, huku kwetu, miaka ya 1960. Watu walibishana: ni kifafa, ni tabia, ni laana? James Sejvar na wenzake waliwachunguza watoto hao mwaka 2009, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Pamoja na elektrodi za kichwani waliweka za kupima misuli inayoshikilia shingo. Kichwa kilipoanguka, mawimbi ya ubongo yalilala ghafla, na umeme wa misuli ukakatika wakati uleule. Basi hakukuwa na kutikisa kichwa kwa kusudi. Misuli ililegea kwa sababu ubongo uliacha kuishikilia, na hicho ni kifafa cha aina inayojulikana. Huwezi kulithibitisha hilo kwa rekodi iliyofutwa misuli. Na kwa watoto wengi wa ugonjwa ule kichwa huanza kuanguka wakipewa chakula. Programu inayotupa kila kipande cha kutafuna ingetupa saa ileile tuliyokuwa tukiingoja.

Naingia tena. Sijui mfano unaonishika kuliko huo. Watoto wa vijiji maskini, ugonjwa ambao majirani waliuogopa, na jibu likapatikana kwa sababu mtu aliamua kuupima msuli kwa makusudi badala ya kuufuta. Hata hivyo kijana hakushindwa, na sitaki msomaji adhani ameshindwa. Msikilizeni.

MCHAMBUZI: Daktari, watu wale wa Kitgum waliweka elektrodi maalumu za misuli. Walijua kipi ni msuli na kipi ni ubongo kwa sababu walivitenganisha tangu mwanzo. Mimi naletewa elektrodi za kichwani tu, na humo vimechanganyika. Kule Australia, mwaka 2007, Emma Whitham na wenzake walichapisha vipimo vya watu waliojitolea kulegezwa misuli yote kwa dawa, wakiwa macho, wakisaidiwa kupumua. Misuli ilipolala, umeme wa kichwani ulio juu ya takriban hezi 20 ulipungua vibaya. Maana yake sehemu kubwa ya kile ambacho watu walikuwa wakikiita mawimbi ya haraka ya ubongo ilikuwa misuli ya kichwa na shingo. Nadharia ngapi zimejengwa juu ya taya zilizokazwa? Mkiniambia niache kila kitu, mnaniambia niandike kwamba watoto wenye wasiwasi wana ubongo wa haraka, kumbe wamekaza meno kwa hofu ya chumba kigeni.

DAKTARI: Hilo ni kweli, na ni zito. Lakini umemsoma Arnaud Delorme? Ni mmoja wa waliotengeneza programu mnayoitumia nyote, EEGLAB, waliyoitangaza yeye na Makeig mwaka 2004. Mwaka 2023 alichapisha ulinganisho wa njia nyingi za kusafisha kwa mashine, na kichwa cha makala yake kinasema wazi kwamba EEG ni bora iachwe kama ilivyo. Kuchuja mawimbi ya polepole kulisaidia, na kurekebisha chaneli mbovu kulisaidia. Njia nyingi nyingine za kukata kwa mashine hazikuongeza nguvu ya matokeo, na nyingine ziliipunguza.

MCHAMBUZI: Nimemsoma. Na ningeomba tumsome mpaka mwisho. Rekodi zake zilikuwa za majaribio ambamo mtu anapewa vichocheo vya aina ileile mara nyingi sana, kisha majibu yote yanapigiwa wastani. Kelele isiyofungamana na tukio inajifuta yenyewe kwenye wastani huo. Mtoto wako wa Sengerema hana marudio hayo. Ana dakika ishirini, na ndani yake huenda pana sekunde tatu tu zenye maana. Somo la Delorme ni kwamba kila hatua ya kusafisha ithibitishe faida yake kwa kazi husika. Nalikubali lote.

MPIMAJI: Basi tupime hatua zako, mwanangu. Unasema chaneli mbovu unaijaza kutokana na jirani. Jirani ana umbali gani?

MCHAMBUZI: Kwa elektrodi kumi na tisa, kama sentimita sita.

MPIMAJI: Na huko programu ilikotoka?

MCHAMBUZI: Maabara nyingi wana elektrodi 64, wengine 128, wengine 256. Jirani yuko karibu sana.

MPIMAJI: Kwa hiyo wao wanakadiria ukuta wa chumba kutoka chumba hichohicho, wewe unaukadiria kutoka nyumba ya pili. Halafu unachora mstari unaopendeza, na Daktari anaamini kuna mtu alipima pale.

Hoja ya Mama ina upana kuliko alivyoisema, ndiyo maana narudi ndani. Kutenganisha vyanzo hakuwezi kutoa vijenzi vingi kuliko idadi ya chaneli. Ukiwa na chaneli 19, vijenzi ni 19 tu. Kope likichukua kimoja au viwili, moyo kimoja, misuli ya kila upande wa taya vyake, na jenereta chake, ubongo unabanwa kwenye vilivyobaki, na kimoja kinaweza kubeba kope na wimbi la paji la uso kwa pamoja. Ukikitupa, umetupa vyote viwili. Programu zinazoamua zenyewe kijenzi kipi ni kope na kipi ni ubongo, kama ile iliyotoka Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2019, zilijifunza kwa kuonyeshwa rekodi ambazo watu wameziwekea alama. Kabla ya kuzikabidhi vichwa vya watoto wa Kanda ya Ziwa, ni wajibu wa mchambuzi kuangalia zimejifunza kwa vichwa vya nani, vya umri gani, vyenye elektrodi ngapi, na vya wazima au wagonjwa. Hata mipaka ya kutupa kipande, mikrovolti 75 au 100 ambazo maabara nyingi hutumia, imewekwa kwa watu wazima wenye afya. Mtoto mdogo aliyelala huipita mipaka hiyo kwa usingizi wa kawaida tu.

DAKTARI: Na kope lenyewe sitaki life kabla sijaliona. Likipepesa najua mtoto yuko macho. Macho yakianza kuyumba polepole, kushoto na kulia, najua anaingia usingizini, na hapo nasoma mawimbi yake kwa sheria ya anayesinzia. Ukinipa rekodi isiyo na macho, umenificha kama nasoma aliyelala au aliyeamka.

MCHAMBUZI: Nitakupa zote mbili, Daktari, iliyosafishwa na ghafi, ukizifungua sambamba. Ila sasa mimi nina sharti, na sitalilegeza. Mama anasema aamue aliyekuwepo. Sawa. Lakini aliyekuwepo anamjua mgonjwa, ameongea na mzazi, ameshaambiwa huyu anaanguka kila mwezi mwandamo. Akikata rekodi baada ya kujua hayo, atakata kuelekea jibu analolitarajia, bila nia mbaya. Na mchambuzi anayejaribu njia kumi za kusafisha, kisha akachagua ile iliyompa jibu zuri, amefanya kosa hilohilo akiwa kwenye kompyuta. Sheria ya kukata iandikwe kabla ya kuona matokeo, na isiguswe baada ya hapo.

MPIMAJI: Mimi sitaki kukata. Nataka kuandika.

MCHAMBUZI: Kuandika nini, Mama?

MPIMAJI: Sekunde. Dakika ya nne na sekunde kumi, mtoto amekohoa. Dakika ya saba, jenereta imewashwa. Dakika ya tisa, mdomo umecheza upande wa kushoto, sikumgusa. Dakika ya kumi na mbili, elektrodi ya nyuma kulia imelegea, nimeibandika upya. Naandika kila siku, kwenye daftari langu, na daftari linabaki kabatini. Hakuna aliyewahi kuja kuliomba.

MCHAMBUZI: Ningelipata hilo daftari, Mama, nusu ya programu yangu isingekuwa na kazi.

Hapo ndipo ninapotoa uamuzi wangu. Kijana yuko sahihi kuhusu sheria kuandikwa kabla na kufuatwa sawa kwa wote. Daktari yuko sahihi kwamba msuli na jicho visifutwe kabla ya kusomwa. Lakini mzizi wa ubishi wote ni lile daftari lililobaki kabatini. Hesabu za kutenganisha vyanzo, akili za mashine, vizingiti vya mikrovolti, vyote ni jitihada ya kukisia baada ya miezi kile ambacho mtu mmoja alikiona kwa macho yake saa ile. Mashine nyingi za EEG zina kitufe cha kuweka alama ndani ya rekodi, na mpangilio wa kimataifa wa kuhifadhi data za EEG uliochapishwa mwaka 2019 una faili maalumu la matukio, na unatenganisha kabisa rekodi ghafi na zilizofanyiwa kazi. Mahali pa kuyaweka maneno ya mpimaji pamekwishaandaliwa. Kinachokosekana ni heshima kwa anayeyaandika.

Ghafi isifutwe kamwe. Nalisema bila kupunguza, kwa sababu diski zikijaa ndiyo huwa ya kwanza kuondolewa, na kilichosafishwa leo kwa njia dhaifu hakiwezi kusafishwa upya kesho kwa njia bora. Hofu ya siri za mgonjwa isiwe kisingizio. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatudai tulinde jina na utambulisho, na jina linaweza kutolewa kwenye rekodi bila kugusa wimbi hata moja.

Kwa wakuu wa hospitali na vyuo vya Kanda ya Ziwa: kabla ya kununua leseni ya programu mpya, nunueni feni, jeli ya kutosha na waya mzuri wa athi unaofika ardhini kweli. Mlipeni msusi. Mfundisheni mpimaji kutumia kitufe cha alama, na utafiti ukichapishwa kutokana na rekodi zake, jina lake liwe kwenye orodha ya waandishi. Nanyi wachambuzi, kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu, nendeni mkakae naye chumbani asubuhi moja, mgonjwa akiwa kitini.